Lubumbashi: Taa ya ABS ikiwaka, pima mbele ya kununua

Kwa miezi mine, jipu ya redio yetu imenunuliwa kapteri mbili za ABS kwa gurudumu moja tu, la mbele kuume. Ya kwanza dola 60, ya pili dola 45, mbali na feza ya kazi. Kila mara taa ya manjano ilizimika siku mbili tatu. Mara ya mwisho iliwaka tena tukiwa njiani kwenda Kasumbalesa kufuata habari za makamyo yaliyokwama mpakani. Niliporudi garajini, fundi hakuinama hata kutazama chini ya motokari. Aliniambia: « Papa, ile ampule inakusumbua bure, tuitoshe tu. »

Ni juu ya neno hilo ninaandika leo. Katika magaraji niliyopitia hapa mjini, ugonjwa wa ABS una dawa mbili: kubadilisha kapteri, na kapteri ikishindwa, kuua taa. Dawa ya kwanza inamaliza feza ya mteja. Ya pili inaweza kumaliza mteja mwenyewe.

ABS si uchawi. Bosch waliiweka kwenye Mercedes-Benz S-Class mwaka 1978, na wazo lake halijabadilika sana tangu wakati huo. Kwenye gurudumu kuna pete yenye meno, na karibu nayo kapteri, umbali wa kama milimita moja. Meno yakipita, kapteri inatuma umeme kidogo kwa ordinateri, nayo inajua gurudumu linazunguka kwa mwendo gani. Ikiona gurudumu moja linataka kufunga wakati wa freni, inalilegeza na kulibana tena mara nyingi kwa sekunde moja. Ikikosa habari za gurudumu moja, inajitoa kazini na kuwasha taa. Freni ya kawaida inabaki. (Lakini taa nyekundu ya freni ikiwaka pamoja na ile ya ABS, simamisha motokari, usiendelee na safari.)

Hapa ndipo mafundi wetu wanapotea. Mashini ikiandika C0200, wanasoma « kapteri ya mbele kuume imekufa ». Mashini haikusema hivyo. Imesema habari za upande ule hazifiki. Ukipiga simu na ndugu yako wa Likasi haitiki, utasema amekufa? Labda ni batri, labda ni rezo.

Na sababu ni nyingi, hasa kwa jipu yenye miaka 20 inayotembea kwenye vumbi letu jekundu na matope ya mvua. Unga wa chuma kutoka rulma iliyochakaa unashikwa na sumaku ya kapteri na kuifunika. Kutu inaingia chini ya pete na kuipasua. Plagi inaingiza maji. Rulma ikilegea, ule umbali wa milimita moja unacheza kila ukipita shimo. Kwenye motokari za nyuma kidogo, pete imekuwa sumaku ndani ya rulma yenyewe: fundi akiipiga rulma hiyo kwa kuigeuza upande, au ukimnunulia rulma ya bei rahisi isiyo na sumaku, kapteri haitaona kitu hata ukileta mpya kumi. Hata kwado anaweza kuwasha taa, akikuwekea tairi ya kipimo kingine upande mmoja.

Kuna dalili moja ambayo ningependa kila shofere aikamate. Ukiwa karibu kusimama, kwenye lami kavu, pedali inatetemeka na motokari inakataa kusimama vizuri. Mara nyingi ni pete iliyopasuka au kapteri iliyo mbali na meno: kwa mwendo mdogo habari inapotea, na ordinateri inadhani gurudumu limefunga. Inalegeza freni wakati unaihitaji. Hiyo usingoje kesho.

Najua jibu la mashofere wakubwa: baba zetu waliendesha Land Rover bila ABS na walifika. Ni kweli. Tena nawapa haki kwa jambo moja: kwenye changarawe, gurudumu lililofunga linarundika udongo mbele yake, na motokari inaweza kusimama mapema kuliko yenye ABS. Lakini barabara ya Kasumbalesa ni lami. Mwezi wa kumi na mbili, mvua ikichanganyika na mafuta ya makamyo, ukikanyaga freni kwa hofu nyuma ya remoki, magurudumu ya mbele yakifunga usukani haugeuzi tena kitu. Utakwenda pale motokari inataka kwenda.

Wengine wanasema mashini ya kupimia ni ghali. Zile ndogo za sokoni kweli zinasoma moteri tu, ABS haziioni. Lakini kwenye Toyota nyingi za zamani, fundi anayejua plagi yake anaunganisha Tc na CG kwa kipande cha waya, na taa ya ABS inapepesa hesabu: 31 ni mbele kuume, 32 mbele kushoto. Bei yake ni kipande cha waya.

Jipu yetu iliponywa na muzee mmoja wa umeme huko Katuba, mwenye multimetri iliyofungwa kwa skochi. Alipima kapteri peke yake: nzima, kama ile tuliyoitupa, nadhani. Kisha akaenda kupimia kwenye plagi ya ordinateri, mwisho wa waya. Magurudumu yakiwa sawa, kipimo kizuri, kilo-ohm moja na kitu. « Mwana, kata usukani wote kushoto. » Kipimo kikapotea. Waya ulikuwa umekatika ndani ya mpira wake, karibu na shasi, pale kishikizo kilitolewa na hakikurudishwa. Alichomelea waya mpya, akarudisha kishikizo. Dakika 40, dola 15.

Na wewe unayetaka kununua jipu ya zamani wiki hii: washa kontakti, usiwashe moteri. Kwa motokari nyingi taa ya ABS inapaswa kuwaka, kisha kuzimika yenyewe nyuma ya sekunde chache, huku ile ya mafuta ya moteri inabaki. Isipowaka kabisa, uliza ampule ilikwenda wapi. Ikingoja kuzimika pamoja na ile ya mafuta, mtu ameziunganisha waya. Mwulize muuzaji ni nani, na alikuwa anaficha gurudumu gani.