Kabla mtoto hajafanyiwa upasuaji wa sainasi

KARATASI ya rufaa inapoandikwa "upasuaji wa sainasi", mzazi wa Titye hupata mizigo miwili. Wa kwanza ni nauli: kwenda Hospitali ya Maweni, Kigoma mjini, pengine mpaka Bugando, Mwanza. Huenda gunia la maharage likauzwa. Wa pili ni hofu: je, mtoto atachanwa uso?

Hofu hiyo inaweza kupungua. Sainasi ni vyumba vya hewa vilivyo ndani ya mifupa ya uso, kuzunguka pua na macho. Kila kimoja kina njia nyembamba ya kutolea ute. Njia ikiziba kwa uvimbe au vinyama, ute hutuama na maambukizi huanza. Siku hizi upasuaji mwingi hufanyika kupitia tundu la pua, kwa kifaa chembamba chenye taa na kamera. Daktari hupanua njia hizo bila kuchana uso. Mtoto huwa amelala kwa dawa ya usingizi.

Je, upasuaji ni lazima? Mafua ya wiki moja au mbili hayahitaji kisu. Tatizo huitwa sugu linapozidi wiki 12. Hata hapo, daktari huanza na maji ya chumvi ya kusafishia pua, dawa ya kupuliza na matibabu ya mzio. Kwa watoto, mara nyingi chanzo ni nyama za nyuma ya pua, na kuziondoa hizo tu kunaweza kutosha. Kukata kilimi hakuzibui sainasi. Huleta damu na maambukizi.

Kabla ya siku yenyewe, mtoto hupigwa picha ya CT scan inayomwonyesha daktari njia na mifupa iliyo karibu na macho na ubongo. Mzazi asifiche kitu: aseme kama mtoto ana pumu, kama hutoka damu nyingi akijikata au kung'oka jino, na dawa zote anazotumia, ikiwamo mitishamba. Masaa ya kutokula yafuatwe. Uji kidogo "wa kumtuliza" unaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu akiwa usingizini.

Baada ya upasuaji, pua huziba na ute wenye damu kidogo hutoka kwa siku kadhaa. Mtoto asipenge kamasi mpaka daktari aruhusu, na akipiga chafya aachame. Maji ya kusafishia pua yachemshwe kwanza, kisha yapoe. Akae mbali na moshi wa kuni na vumbi.

Arudishwe hospitali haraka akitokwa na damu isiyokoma, jicho likivimba au akiona vibaya, akiwa na homa, kichwa kikimuuma sana na shingo kukakamaa, au pua ikidondosha maji meupe kama ya kunywa.

Mzazi ajue pia kuwa vinyama vinaweza kuota tena, na mwenye mzio ataendelea na dawa. Kuna kliniki za kurudi ili daktari asafishe na kukagua kidonda. Hivyo fedha za gunia lile zigawanywe mapema: nauli ya kwenda, na nauli ya kurudi kliniki.