Rangi ya nguo ya mtoto isipotelee chini ya bashi

Leo nazungumza juu ya jambo linaloonekana dogo: rangi katika picha.

Tangu mauaji yalipoanza katika eneo la Beni mwezi wa Oktoba 2014, familia nyingi zimetawanyika njiani. Mtu akikuta mtoto aliyepotezana na wazazi, mara nyingi anampiga picha kwa telefone. Tuseme picha inafika redioni. Mtangazaji anaitazama na kusema: mtoto amevaa nguo nyeusi. Mama aliye Butembo anasikia, lakini hashituki, kwa sababu wake alikuwa na nguo nyekundu. Kumbe anaweza kuwa ni huyo huyo. Alipigwa picha ndani ya kibanda cha bashi ya bluu.

Sababu yake si uchawi. Bashi ya bluu inapitisha mwangaza wa bluu na kuzuia sehemu kubwa ya mwangaza mwekundu. Nguo nyekundu bila mwangaza huo inageuka nyeusi au kahawia, na ya manjano inavuta kwenye kijani.

Watu wanaopiga picha chini ya maji wanalijua jambo hili vizuri. Maji yanameza nyekundu kwanza. Ukifika mita 10, karibu yote imekwisha, hata katika maji maangavu kama ya Ziwa Tanganyika. Mwenye kamera ndogo anasogea karibu na samaki, anaionyesha kamera kitu cheupe kule kule chini ili ijue weupe ni upi, na anawasha taa yake. Anajua kwamba rangi ambayo haikuingia ndani ya kamera, hakuna programu ya kuirudisha kwa uhakika.

Sisi tuna bahati kuliko yeye: tunaweza kutoka nje. Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kila anayepiga picha ya mtoto aliyepotea, awe mwandishi, kiongozi wa mtaa au msaidizi wa wahami, amtoe kwanza chini ya bashi. Amsimamishe kwenye kivuli cha ukuta, si chini ya migomba, maana majani nayo yanatia kijani. Aweke karatasi nyeupe kando yake; ikionekana ya bluu katika picha, apige tena. Asitumie mapambo ya telefone yanayobadili sura. Kama ni usiku, awashe taa ya telefone na kusogea karibu.

Kisha aandike rangi kwa maneno, akiwa anaitazama nguo yenyewe: nyekundu ya udongo, manjano ya ndizi mbivu, kijani ya majani ya muhogo. Redioni hakuna picha. Kuna maneno tu.

Wengine watasema sura inatosha. Sura ya mtoto aliyelala porini siku nyingi inabadilika, na nywele zinanyolewa. Lakini mama anaikumbuka nguo aliyomvalisha asubuhi ile. Ndiyo maana picha ipigwe mbele ya kumpa nguo mpya, na ile ya zamani ifuliwe na kutunzwa.

Neno la mwisho: picha na maelezo vipelekwe kwa Msalaba Mwekundu, ambao una kazi ya kuunganisha familia, au kwa wakuu wa mtaa. Msivitupe ovyo kwenye makundi ya WhatsApp pamoja na fasi mtoto anapolala. Wenye nia mbaya nao wanatazama.

Karatasi moja nyeupe na hatua tano kutoka kibandani hazitugharimu kitu. Mama mmoja akipitwa na tangazo la mtoto wake, hiyo ni gharama kubwa.