Faida ya biashara si kila shilingi iliyoingia

Mfanyabiashara wa mahindi wa Kasesya, mpakani na Zambia, akifunga msimu huhesabu fedha zilizobaki mfukoni na kuziita faida. Hesabu hiyo humdanganya.

Tuseme amenunua magunia 200 kwa Sh50,000 kila moja, akayauza Sumbawanga kwa Sh60,000. Tofauti ni Sh2 milioni. Toa usafiri, ushuru, vibarua, magunia matupu, pango la ghala na uchakavu wa mizani, jumla Sh1.4 milioni. Zinabaki Sh600,000. Hiyo ndiyo faida ya uendeshaji, yaani kile kilichozaliwa na kazi yenyewe kabla ya riba na kodi ya mapato.

Mwaka huohuo akauza pikipiki kuukuu kwa Sh900,000, akalipa riba ya mkopo Sh350,000. Mfukoni anaona Sh1.15 milioni, naye anakopa zaidi kwa kutegemea hesabu hiyo. Msimu ujao pikipiki haipo, na riba imeongezeka. Mkopeshaji naye alipaswa kuuliza, lakini ameridhika na dhamana ya nyumba.

Hata kampuni kubwa ikiuza kiwanja, faida ya mwaka hunenepa. Anayeshawishiwa kununua hisa asiishie kwenye mstari wa mwisho. Apande juu hadi faida ya uendeshaji, ailinganishe na ya miaka mitatu ya nyuma. Benki ni habari nyingine. Kwa NMB na CRDB, zilizoingia Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2008 na 2009, riba ndiyo bidhaa yenyewe. Huko uliza kwanza kuhusu mikopo isiyolipika.