Barua ya Wazi kwa Bunge la Marekani: Siku Nzima kwa Wahudumu wa Vituo vya Kura

Kwa Waheshimiwa Maseneta na Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, Washington.

Waheshimiwa,

Naleta mbele yenu haja ya watumishi wa serikali kuu ambao, siku ya uchaguzi inapowadia, wangependa kwenda kuhudumu katika vituo vya kupigia kura, lakini huzuiwa na hesabu ya mishahara na likizo zao. Haja yenyewe ni nyepesi kuitamka: wapewe siku moja nzima ya likizo yenye malipo, na wapewe kwa sheria iliyotungwa na nyinyi, si kwa hisani ya mtawala aliyepo.

Nasema hivyo kwa kuwa hisani hiyo ilikwisha kuwapo. Tarehe 7 Machi 2021 Rais Biden alitia saini amri ya kurahisisha upigaji kura, na mwaka uliofuata idara isimamiayo utumishi wa serikali ikazijulisha ofisi zote kwamba mtumishi aweza kuruhusiwa hadi saa nne kwa mwaka, bila kukatwa mshahara wala likizo yake, ahudumu kituoni pasipo kuegemea chama. Amri ile ilifutwa na Rais Trump tarehe 20 Januari 2025, siku ile ile aliyoapishwa. Sikusudii kuamua hapa nani kati yao alikuwa na haki. Yatosha kwamba neno la Rais mmoja huondolewa na neno la mwingine, na mtu mwenye ajira na ahali wa kulisha hawezi kuahidi kazi ya Novemba kwa kutegemea rukhsa ya namna hiyo.

Na hizo saa nne, ijapokuwa zilitolewa kwa nia njema, zilipimwa na mtu asiyeijua kazi. Katika jimbo la New York milango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa tatu usiku; mhudumu hutakiwa awepo kabla ya milango kufunguliwa, apange meza, azijaribu mashine na kubandika matangazo, na mpiga kura wa mwisho akishaondoka, abaki kulinganisha idadi ya karatasi na idadi ya waliotia saini daftarini, kisha avifunge vifaa na kuvikabidhi. Kumpa mtu huyo saa nne ni kumlipia nauli ya kumfikisha katikati ya bahari.

Kwa sababu hiyo kazi imewaelemea wastaafu. Siwatii ila wazee hao, maana lau si wao vituo vingi visingefunguliwa. Lakini mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoingia, waliokuwa katika hatari kubwa kabisa ndio hao hao, na wengi wakabaki majumbani. Mji wa Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin, uliozoea kuwa na vituo 180 hivi, tarehe 7 Aprili ulifungua 5 tu. Watu wakasimama katika misururu mirefu wakiwa na barakoa, na jimbo likalazimika kuwavalisha askari wake wa akiba nguo za kiraia ili wawe makarani. Ilhali watumishi wa serikali kuu, ambao walio wengi hawakai Washington kama idhaniwavyo bali wametawanyika katika majimbo yote, ni watu waliozoea kanuni, orodha na viapo, na wangeweza kuliziba pengo hilo.

Huko Tanzania na Kenya siku ya kura imezoeleka kutangazwa ya mapumziko, na walimu wengi huonekana vituoni. Marekani kura hupigwa Jumanne ya kazi, na Jumanne hiyo haikuteremka kutoka mbinguni: iliwekwa na Bunge hili kwa sheria ya mwaka 1845. Madhali nyinyi ndio mlioichagua siku ya kazi, ni juu yenu kumfidia anayeiacha kazi yake ili ahudumu siku hiyo.

Wala siwaombi mzue jambo geni. Sheria zenu tayari humlipa mtumishi anayeitwa kuketi katika jopo la mahakama. Humpa siku 20 kwa mwaka aliye katika jeshi la akiba. Humpa siku 7 anayetoa uboho wake, na 30 anayetoa kiungo cha mwili, ili mtu mwingine aishi. Mhudumu wa kituo hana hata siku 1.

Watasema baadhi yenu kwamba atapokea malipo mara mbili, kwani kaunti nazo hutoa posho. Hoja hiyo ina uzito, na jawabu lake limo katika sheria zenu wenyewe: ada ya mtumishi aliyeketi mahakamani huhesabiwa katika mshahara wake, na posho hii ifanywe vivyo hivyo. Wengine watahofia upendeleo wa vyama, wakasahau kwamba Sheria ya Hatch imewafunga watumishi hawa tangu 1939 katika mambo ya siasa, kizuizi ambacho raia wa kawaida anayekaa meza ile ile hanacho.

Basi ongezeni kifungu kimoja kando ya kile cha mahakama: siku nzima kwa kila uchaguzi wa taifa, pamoja na muda wa mafunzo, na mkuu wa ofisi asiwe na uwezo wa kukataa ila kwa sababu ya dharura aliyoiandika. Nawaomba mkipitishe mapema, wasimamizi wa kaunti wapate kuandikisha na kufundisha watu kabla ya Novemba.