Tulipie Kujua, Si Kupita

Kila mtihani wa kidato cha nne unapokwisha, vijana waliotimiza miaka 18 humiminika katika shule za udereva. Swali lao la kwanza ni, "Kozi ni pesa ngapi?" La pili, "Hapo watu hupita?" Nionavyo mimi, maswali hayo hayatoshi.

Kozi ya gari dogo huweza kuzidi shilingi 10,000. Mzazi akisikia kuna mahali pa bei nafuu ambapo kila mtu hupita, hufurahi kweli kweli. Lakini rahisi huwa ghali, jamani! Kaka yangu alisomea shule moja ya namna hiyo. Walipakiwa wanafunzi wanne katika gari moja, kila mmoja akashika usukani dakika chache tu, watatu wakitazama. Alama za barabarani alizikariri kama shairi, akavisukuma vigari vya kuchezea juu ya ubao wa mji wa mfano, akapita. Leseni anayo; kuondoa gari mlimani bila kurudi nyuma hawezi!

Tazama Uingereza, tulikorithi kuendesha upande wa kushoto. Huko, katika kila watahiniwa 100 wa mtihani wa gari barabarani, wanaopita hawafiki 50. Ada ni pauni 62 siku za kazi, na anayeanguka hulipa upya. Mwaka 2023 ajali za barabarani huko ziliua watu wasiofika 2,000. Kwetu, ingawa tu wachache kuliko wao, ziliua zaidi ya 4,000. Sisemi mtihani pekee ndio sababu, maana hata barabara na magari yao ni tofauti. Nasema tu kwamba shule inayojigamba kuwa kila mtu hupita haijaniambia lolote kuhusu ujuzi.

Utaniuliza, "Je, asiye na pesa afanyeje?" Swali zuri. Rai yangu ni kwamba ada ihesabiwe kwa saa za kushika usukani, ziandikwe kwenye kadi, na mwanafunzi atie sahihi. Hapo hata mwenye kidogo atajua amenunua nini.

Watu husema ajali haina kinga. La hasha! Kinga mojawapo ni dereva aliyefunzwa akafunzika. Basi wewe unayesubiri zamu yako, ukifika pale uliza kwanza, "Nitashika usukani kwa muda gani?" Wakikosa jibu, funga mkoba wako uende zako.