Kishikwambi Kilichofungiwa Kabatini



Barua tuliyoichagua mwezi huu yatoka Manyoni, nayo imeandikwa na mama wa watoto wanne ambaye ametuomba tumsitirie jina lake. Binti yake yuko darasa la tatu, na kusoma bado kwamshinda: akipewa kitabu hutazama picha, kisha hubuni maneno. Mama huyu aeleza kwamba mwalimu wa darasa alipewa kishikwambi na serikali, lakini watoto wamekiona siku moja tu, kisha kikarudi kabatini. Sasa kamati ya shule imewaita wazazi, iwaombe mchango wa hiari wa kununua kompyuta na mashine ya kuonyeshea picha ukutani. Mumewe amekataa katakata. Asema simu zimekwisha waharibu vijana wa mtaani, naye hatatoa shilingi yake kuupeleka uharibifu huo darasani. Mama auliza: anyamaze ili nyumba itulie, au amsihi mumewe, maana mtoto yuabaki nyuma?

Tuanze na asili ya kishikwambi chenyewe, kwani huenda wazazi wengi hawaijui. Mwezi wa Agosti 2022 ilifanywa Sensa ya Watu na Makazi, na makarani waliyaandika majibu yetu katika vishikwambi badala ya karatasi. Kazi ile ilipokwisha, serikali iliamua vyombo hivyo viende kwa walimu wa shule zake, viwasaidie kuandaa masomo na kufundisha. Basi kile ni mali ya umma, na mzazi ana haki ya kuuliza, kwa adabu, kinatumikaje.

Lakini tusiharakishe kumlaumu mwalimu. Ana watoto sitini au zaidi mbele yake, na kioo cha kishikwambi hakizidi ukubwa wa daftari. Walioketi nyuma wataona nini? Kikianguka kikapasuka, ataulizwa yeye. Bando aghalabu hulinunua kwa fedha yake mwenyewe. Na vumbi la nchi kavu kama Manyoni, kila mwenye redio alijua lifanyavyo. Mtu aliyekabidhiwa chombo asichofundishwa vizuri namna ya kukitumia mbele ya darasa, hukifungia kabatini kiwe salama. Nasi tungalifanya hivyo hivyo.

Wala si mara ya kwanza nchi hii kupata chombo kabla ya kumwandaa mtu wa kukitumia. Kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye hesabu za serikali zikahamishiwa katika mashine, ilhali wenyeji waliozijua mashine hizo walikuwa wachache mno, kazi ikategemea wageni, na hesabu zikavurugika. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, ila kwa ruhusa maalumu, na marufuku hiyo ikadumu miaka mingi. Kwa hiyo wanaomwona mume wa dada yetu kuwa mtu wa ajabu na wakumbuke kwamba serikali nzima iliwahi kusema maneno kama yake.

Sasa na tutazame upande wa pili. Mkoani Tanga, tangu mwishoni mwa mwaka 2017, lilifanyika jaribio kubwa lililoitwa Global Learning XPRIZE, kwa ushirikiano wa serikali yetu, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Watoto karibu elfu tatu, katika vijiji vipatavyo 170, walipewa vishikwambi vyenye masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Wengi wao hawakuwa wamepata kuingia shuleni. Mwalimu hakuwapo, palikuwa na mitambo ya kuchajia kwa nguvu ya jua, na watu wazima wa kijijini wa kuitunza. Kabla ya jaribio, zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Mwezi wa Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa kati ya vikundi viwili, Kitkit School na onebillion, na kazi za washindani wote watano waliofika fainali zikaachwa wazi, kila atakaye azitumie bila malipo.

Twamwomba msomaji asimame hapa kidogo. Mtoto asiye na shule wala mwalimu kuanza kusoma kwa kioo tu, ni jambo kubwa, na mtu mwadilifu hawezi kulidharau. Lakini nusu nyingine nao wanahesabika. Walikuwa na chombo kile kile na miezi ile ile, nao walibaki walipokuwa. Mtoto aliyekwama neno moja siku tatu, kioo hakimuulizi ana nini.

Wazee wetu walisoma kwa ubao wa chuoni, ukiandikwa kwa wino, ukaoshwa, ukaandikwa tena. (Kwa umbo, kishikwambi chafanana nao kuliko kitabu, na ajabu ni kwamba watu wachache huliona hilo.) Ubao ule haukumsomesha mtu. Mtoto alikwenda nao mbele ya mwalimu, akasoma peke yake, mwalimu akimsikiliza herufi kwa herufi, na wenzake wakati huo wakinong'ona na mbao zao pembeni. Kusikilizwa mmoja mmoja ndiko binti wa Manyoni anakokukosa katika darasa la sitini. Na hapa ndipo tuonapo faida ya mashine: si kusimama mahali pa mwalimu, ila kuwashughulisha watoto hamsini kwa kazi ya maana, ili mwalimu apate nafasi ya kukaa na kumi walioshindwa.

Ikiwa hayo ndiyo makusudi, mashine ya kuonyeshea picha ukutani huenda isiwe ya kwanza kununuliwa. Vishikwambi vichache vya walimu wa shule, vikikusanywa kwa zamu katika darasa moja, watoto sita au saba wakikizunguka kila kimoja, vyaweza kufanya mengi bila mchango wowote. Vitabu vya kiada vimo katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Hupakuliwa siku moja palipo na mtandao mzuri, kisha husomwa hata pasipo na bando. Na lugha iangaliwe sana. Mtoto aliyelelewa kwa Kigogo au Kinyaturu hukutana na Kiswahili cha vitabuni kama lugha ya pili. Akifunguliwa programu isemayo Kiingereza pekee, atabaki kutazama picha, kama afanyavyo sasa na kitabu chake.

Kwa bwana wa nyumba twasema hivi: khofu yako si ya bure. Simu iliyoachwa mkononi mwa kijana usiku kucha imeleta hasara tunazozijua sote. Lakini kioo cha darasani, mchana, mbele ya mwalimu, ni jambo jingine, na mwakani binti yako atakabili Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne. Karatasi ile haitamuuliza baba yake alikataa nini. Nenda mwenyewe mkutanoni. Uliza ni mwalimu gani atakayezitumia kompyuta hizo na amefundishwa wapi, zitasema lugha gani, nani atashika ufunguo, na vishikwambi vilivyopo vimefanya nini hata sasa. Wasipokuwa na majibu, zuia mchango wako na usione haya. Wakiwa nayo, toa.

Nawe dada yetu, usinyamaze wala usigombane. Msomee mumeo barua hii baada ya chakula cha usiku. Mkutano ungali mbali, lakini robo saa baada ya Magharibi ipo leo. Mtoto akae na kitabu chake, au na ukurasa uliopakuliwa katika simu ya baba, simu ikiwa mkononi mwa baba, asome kwa sauti na mtu mzima amsikilize bila kumkemea. Asiyejua kusoma naye aweza kusikiliza. Mtoto anayebuni maneno hujulikana kwa sauti.

Mkutano ukisha, tuandikie yaliyosemwa, na hasa utuambie kama bwana alikwenda.