Maoni: Kabla ya kununua kompyuta mpya, studio ziangalie nani anabeba mzigo wa video

Mjini Lubumbashi, kama katika miji mingine ya Kongo, ibada, ndoa na mazishi vinarushwa moja kwa moja kwenye Facebook na YouTube. Jamaa aliye Bruxelles au Johannesburg anafuata kilio cha mzazi wake kwenye simu. Siku picha inapoganda wakati jeneza linashushwa, hakuna wa kurudisha saa hiyo nyuma. Kameramani anapata aibu, familia inadai pesa zake, na maelezo yanayotolewa ni yale yale: kompyuta imechoka, inunuliwe nyingine.

Mara nyingi maelezo hayo si sahihi. Kompyuta haikushindwa kwa sababu ni dhaifu, bali kwa sababu kazi yote ilirundikwa juu ya prosesa, huku chipu ya grafiki iliyo ndani ya mashine hiyo hiyo ikikaa bila kazi. Studio ndogo, makanisa na vijana wanaoanza kazi hii wangeokoa dola nyingi kama wangeuliza swali moja kabla ya kwenda dukani: ni nani anabeba mzigo?

Kazi ni tatu, si moja

Kadi ya kunasa video ni kifaa kinachopokea picha kutoka kamera kwa waya wa HDMI na kuiingiza kwenye kompyuta. Wengi huamini kwamba kadi hiyo ndiyo inayofanya kila kitu. Lakini toka kamera mpaka kwenye simu ya mtazamaji, picha inapitia kazi tatu: kuingia, kuonyeshwa kwenye skrini ya mwendeshaji, na kubanwa ili isafiri kwenye intaneti au ihifadhiwe kwenye diski. Kila moja inaweza kuulemea mwili wa kompyuta kwa njia yake.

Kazi ya kwanza ni hesabu tu. Video ya 1080p ina nukta 1920 kwa 1080. Ikitumwa bila kubanwa kwa mfumo wa YUY2, kila nukta inachukua baiti 2. Kwa picha 30 kila sekunde, hiyo ni karibu megabaiti 124 kwa sekunde. Tundu la USB 2.0 halipitishi hata nusu yake: kikomo chake kwenye karatasi ni megabaiti 60 kwa sekunde, na katika kazi halisi linapitisha chini ya hapo.

Ndiyo sababu kadi za bei nafuu za USB 2.0 zinazoahidi 1080p hubana kila picha kwa mfumo wa MJPEG kabla ya kuituma. Picha ikifika, prosesa ndiyo kwa kawaida inayoifungua, mara 30 kila sekunde, kabla kazi nyingine yoyote haijaanza. Kadi ya USB 3.0 inaweza kutuma picha ikiwa nzima na kuipunguzia prosesa kazi hiyo. Kwa hiyo mtu aliyenunua kadi rahisi amelipa pesa kidogo, lakini sehemu ya bei ameisukuma kwenye prosesa yake bila kujua.

Kuonyesha picha nako kuna gharama

Kazi ya pili hudharauliwa zaidi, kwa kuwa kutazama tu kunaonekana hakuna gharama. Historia ya Windows inaonyesha kinyume. Katika njia ya kale kabisa, prosesa yenyewe ilibadilisha rangi za video, ikapanua au kupunguza ukubwa wa picha, kisha ikaichora kwenye skrini. Baadaye ilikuja njia ya ovalei, ambapo kadi ya grafiki ilifanya kazi hiyo na prosesa ikapumua. Lakini ovalei ilikuwa na kasoro yake: mtu akipiga picha ya skrini, mahali pa video palitoka peusi, kwa sababu video haikuchanganywa na vitu vingine vilivyochorwa pale.

Windows XP ya mwaka 2001 ilileta VMR-7, ikafuatwa na VMR-9 inayotumia Direct3D, halafu EVR pamoja na Windows Vista. Zote zilielekea upande mmoja, yaani kuiachia chipu ya grafiki kazi ya kuchora. Mpaka leo kuna programu za kutazama na kunasa video zinazomruhusu mtumiaji kuchagua njia anayotaka. Anayeacha njia ya kale kwenye kompyuta ya zamani anaweza kuona prosesa inahema kabla hata hajabonyeza kitufe cha kurekodi.

Programu ya bure ya OBS Studio, inayotumiwa sana katika matangazo ya moja kwa moja, tayari huchora kwa chipu ya grafiki. Hata hivyo, inaruhusu kuzima dirisha la kutazamia. Kwenye mashine dhaifu, kulizima kunapunguza mzigo, na hakumgharimu mwendeshaji hata franka moja.

Kubana ndiko kunakoua mashine

Kazi ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Hapa kuna njia mbili. Ya kwanza ni kubana kwa prosesa, kwa programu kama x264. Ya pili ni kutumia sehemu ya chipu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo peke yake: Quick Sync ya Intel, iliyoanza mwaka 2011, au NVENC ya NVIDIA, iliyoanza mwaka 2012. AMD nayo ina ya kwake.

Maana yake ni kwamba hata kompyuta ya mkononi iliyotumika miaka kadhaa inaweza kuwa na kifaa hicho ndani. Mwenyewe hajui, kwa sababu hakuna aliyemwambia afungue ukurasa wa mipangilio na kubadilisha neno moja. Badala yake anaiacha x264 ile prosesa yote, feni inapiga kelele, joto linapanda, na umeme ukikatika betri inaisha kabla jenereta haijawashwa.

Watetezi wa x264 wana hoja ya kweli. Ikipewa muda wa kutosha, x264 hutoa picha nzuri zaidi kwa ukubwa ule ule wa faili, hasa ikilinganishwa na chipu za miaka ya kwanza. Mahali ambapo mega za intaneti ni ghali, hilo si jambo dogo. Lakini ubora huo unapatikana kwa mipangilio ya polepole. Wakati wa kurusha moja kwa moja, prosesa dhaifu hulazimishwa kutumia mipangilio ya haraka sana, na hapo faida ile hupungua sana. Picha nzuri iliyokatika ni mbaya kuliko picha ya kawaida iliyofika nzima.

Kwa hiyo uamuzi si mgumu. Kwa tukio lisilorudiwa, kazi ya kubana ipewe chipu. Kwa filamu ya ndoa inayotengenezwa baadaye ofisini, ambapo hakuna anayesubiri kwenye simu, x264 ipewe usiku mzima ifanye kazi yake vizuri.

Kupima kabla ya kulaumu

Hakuna sababu ya kubahatisha. OBS ina dirisha la takwimu linalohesabu picha zilizopotea kwa makundi matatu: zilizopotea kwa kuchelewa kuchora, kwa kuchelewa kubana, na kwa sababu ya mtandao. Hesabu ya kwanza ikipanda, chipu ya grafiki imelemewa. Ya pili ikipanda, njia ya kubana haifai. Ya tatu ikipanda, hata kompyuta ya dola elfu mbili haitasaidia, kwa kuwa tatizo liko kwenye intaneti. Kushuka kutoka 1080p mpaka 720p nako kunapunguza nukta kwa zaidi ya nusu, na mtazamaji wa simu hataona tofauti kubwa.

Wauzaji wa vifaa nao wana wajibu. Kuandika 1080p kwenye boksi bila kusema kama kadi ni ya USB 2.0 au 3.0, na kama inatuma MJPEG au picha nzima, ni kumficha mnunuzi nusu ya bei. Vyuo vinavyofundisha kazi ya video navyo vifundishe kusoma hizo hesabu tatu, kama vinavyofundisha kushika kamera.

Familia inayolipa ili jamaa wa mbali aone mazishi hailipii prosesa. Inalipia ile dakika ifike. Mwenye studio anaweza kuilinda dakika hiyo kwa kufanya jaribio la nusu saa siku moja kabla, akiwa na kamera ile ile, kadi ile ile na dirisha la takwimu likiwa wazi. Hesabu zikibaki kwenye sifuri, pesa za kompyuta mpya zinunue betri ya pili.